Nani alikuomba? Historia ya nepi na wanawake walioumiza kichwa peke yao

SEHEMU YA 1

  Hii ni ndefu, mnyonyeshe mtoto kwanza.

Dada mmoja aliniuliza swali nikaona nilijibu mbele ya wote. Alikwenda semina ya ujasiriamali, wakafundishwa kitu kinaitwa fikra ya ubunifu. Kwamba ukitaka kutatua tatizo la watu, unaanza kwa kukaa nao na kuona wanakoteseka, halafu unalitaja tatizo lenyewe kwa usahihi, unatoa mawazo mengi, unatengeneza kitu cha majaribio kwa bei ndogo, unakijaribu kwa mwenye shida, kikikataa unarudi nyuma unaanza tena. Somo zuri sana. Ila mwalimu alisisitiza mkae watu watano au sita kwenye meza moja, mna vikaratasi vya rangi ukutani, kila mtu anachangia. Yeye ana mtoto wa miezi minne, mume yuko safari, dada wa kazi ameondoka. "Nesi, hiyo timu mimi naitoa wapi?"

Nikamwambia, mdogo wangu, hebu nikusimulie habari ya nepi.

Maana nepi hiyo uliyomvalisha mtoto sasa hivi, ile ya kutupa yenye nailoni nje na kitu cha kunyonya ndani, sehemu kubwa ya njia yake ilipitia bafuni na jikoni kwa wanawake wasiokuwa na timu yoyote. Miaka ya 1940, kabla hiyo fikra ya ubunifu haijaanza kufundishwa vyuoni kwa jina hilo, walikuwa wanaifanya usiku mtoto akilala, na cherehani mezani.

Turudi mwaka 1946, Marekani, mji mdogo unaitwa Westport, jimbo la Connecticut. Vita Kuu ya Pili imeisha mwaka mmoja uliopita. Wanaume wamerudi, watoto wanazaliwa kwa wingi. Nepi ya wakati huo bibi zetu wangeitambua mara moja: kitambaa cha pamba cha mraba, unakikunja, unafunga na pini mbili. Pini! Mikono inateleza, mtoto anarusha miguu, nawe unaomba Mungu usimchome. Kitambaa cha pamba hakizuii kitu. Mtoto akikojoa, inalowa nepi, inalowa nguo, inalowa shuka, godoro linanuka, na kama ulikuwa umempakata basi na wewe umelowa. Ukitaka kuzuia unamvalisha chupi ya mpira juu yake. Ile inazuia kweli, ila inambana mapajani na joto lote linabaki ndani.

Hapo nesi niseme kidogo. Ngozi ya mtoto ikikaa kwenye unyevu na joto kwa saa nyingi inalainika kupita kiasi. Ikilainika, msuguano mdogo tu unaichubua. Kinyesi kikigusa pale palipochubuka kinaunguza zaidi, na fangasi wa kwenye mikunjo wanashangilia. Ndiyo vile vipele vyekundu mnavyoniletea kliniki. Kwa hiyo mama wa 1946 alikuwa amebanwa pande mbili: akiacha mpira anafua mashuka kutwa, akivalisha mpira mtoto anaungua.

Na maduka yalikuwa yameridhika. Mpira ulikuwa unauzika.

SEHEMU YA 2

Sasa huyo mama wa Westport aliitwa Marion Donovan. Alizaliwa mwaka 1917 kule South Bend, Indiana. Mama yake alifariki Marion akiwa bado mtoto mdogo, akawa anashinda kwenye kiwanda cha baba yake na baba yake mdogo, watu waliokuwa wakitengeneza mashine za kukereza vyuma. Alisoma fasihi ya Kiingereza chuoni, akafanya kazi kwenye jarida la mitindo la Vogue, akaolewa, akaacha kazi, akawa mama wa nyumbani kama wengi.

Sikiliza alivyoanza. Hakuanza na wazo la biashara. Alianza na shuka za kitanda cha mtoto wake mdogo, ambazo alikuwa amechoka kuzibadilisha. Siku moja akaingia bafuni, akaliangalia lile pazia la kuzuia maji yasirukie nje, akalishusha, akalikata, akakaa kwenye cherehani.

Tuvute pumzi hapo maana kuna jambo limepita haraka. Angeweza kujiuliza, "Nitapataje nepi inayonyonya zaidi?" Wengi wangeuliza hivyo. Au, "Nitafuaje haraka zaidi?" Yeye aliuliza kitu kingine: nitazuiaje unyevu usifike kitandani, bila kumpikia mtoto ngozi yake? Swali hilo lina masharti mawili ndani, na sharti la pili ndilo lililokuwa limesahauliwa na wenye viwanda. Ukilitaja tatizo vibaya hata timu ya watu 50 haitakusaidia. Ukilitaja vizuri, wakati mwingine pazia la bafuni linatosha kuanzia.

Lile pazia la kwanza halikutosha. Alikata jingine, na jingine. (Mumewe aliogaje siku hizo hatuambiwi.) Kila jaribio lilikuwa na mtahini mmoja asiyejua kupendelea: mtoto wake. Ikivuja, shuka inasema. Ikibana, alama inabaki pajani. Ikiwa na joto, ngozi inasema asubuhi. Mwisho akaacha plastiki ya pazia akaenda kwenye nailoni ya parachuti. Nailoni ile ni nyepesi na haitunzi joto kama mpira. Kisha akaondoa pini kabisa, akaweka vifungo vya kubonyeza. Ndani unaweka nepi yako ya kawaida. Kitu chenyewe kilifanana na mashua ndogo, akakiita Boater.

Nataka muone hayo mabadiliko yalivyokwenda. Kitambaa kwanza, vifungo baadaye. Tatizo la pini lilikuwepo tangu mwanzo, lakini huwezi kujua kama kitambaa kinafaa ukiwa umebadilisha kila kitu kwa wakati mmoja.

Akakipeleka kwa makampuni makubwa ya nguo za watoto. Wakakataa. Miaka mingi baadaye, 1975, alimsimulia mtangazaji Barbara Walters kwenye televisheni walivyomjibu: hawaihitaji, hakuna mwanamke aliyewahi kuwaomba kitu hicho, wanawake wameridhika na wananunua chupi zao zote za mpira.

Hakuna aliyewaomba! Jamani. Nani angewaomba, na kwa njia gani? Mama anayebadilisha shuka saa tisa usiku anaandika barua kwa mwenye kiwanda? Anajua hata kama kitu hicho kinawezekana? Mtu akizoea shida haiiti shida tena, anaiita maisha. Naliona hili kila wiki kliniki. Namuuliza mama, "Una shida yoyote?" Ananijibu "hapana," halafu akiinuka naona anamfunga mtoto nepi kwa mkono mmoja, mwingine unauma tangu ajifungue. Ukisubiri aombe, utasubiri sana.

Marion akaamua kutengeneza mwenyewe. Mwaka 1949 Boater ikaanza kuuzwa Saks Fifth Avenue, duka la watu wenye nazo kule New York, ikapokelewa vizuri mno. Mwaka 1951 akapata hati ya ubunifu, na mwaka huohuo akauza kampuni na haki zake kwa Keko Corporation kwa dola milioni 1. Kwa pesa ya wakati ule.

SEHEMU YA 3

Wengi mmeuliza kama huyu mama alikuwa na bahati tu. Basi vukeni bahari niwaonyeshe kitu cha ajabu.

Mwaka 1947, Uingereza, mji wa Camberley. Kuna mama anaitwa Valerie Hunter Gordon, mume wake ni afisa wa jeshi kwenye chuo cha kijeshi cha hapo. Mtoto wa tatu. Watoto wawili wa kwanza alishawafulia nepi, na safari hii amesema basi. Elewa mazingira: nchi ya mvua na baridi, vita imeisha lakini sabuni bado ni ya mgawo. Nepi unaichemsha, unaifua, unaianika, haikauki, unairudisha ndani, nyumba nzima inanuka nepi. Mama wa Mwanza au Mombasa ana jua la bure. Yeye hana.

Kwa hiyo swali lake likawa tofauti na la Marion. Marion alichoshwa na mashuka. Valerie alichoshwa na kufua nepi yenyewe. Akatafuta ya kutupa madukani, hakuipata. Akaketi jikoni na cherehani yake ya Singer, akatengeneza vipande viwili: cha ndani cha kunyonya, cha pamba na karatasi laini za tabaka, unakitupa kikilowa, na cha nje cha kuzuia, unakifuta na kukitumia tena. Na cha nje alikishona kwa nini mwanzoni? Nailoni ya parachuti kuukuu za jeshi.

Wanawake wawili, bahari katikati, kila mmoja peke yake na cherehani, na wote wamefika kwenye parachuti. Mimi sioni muujiza hapo. Vita imeisha, nailoni imebaki, na watoto wanakojoa kila mahali duniani. Mtu anayeitazama shida kwa karibu na kuangalia kilichopo mkononi, mara nyingi atafika jirani na mwenzake.

Ila kuna jambo Valerie alifanya ambalo nalipenda kuliko yote. Wake wenzake wa maafisa walipoiona nepi yake kila mmoja akaitaka. Akawashonea. Alishona zaidi ya 400 pale pale jikoni. Kila nepi iliyotoka ilikwenda kwa mtoto mwingine, mnene, mwembamba, anayelala kifudifudi, wa kike, wa kiume. Kabla hajaongea na mwenye kiwanda yeyote alikuwa ameshaona kitu chake kikivaliwa na miili mingi. Timu hana, wajaribu anao tele. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na ukipungukiwa kimoja cha pili ndicho usikikose.

Akaomba hati ya ubunifu mwaka 1948, akakiita Paddi. Na yeye viwanda vilisitasita. Mwishowe kampuni ya Robinson and Sons ya Chesterfield ikakubali, mwaka 1949, na Paddi ikaingia madukani.

Hapa lazima niwe mkweli, maana hadithi za namna hii huwa zinapakwa sukari. Baba yake Valerie alikuwa Sir Vincent de Ferranti, bwana mkubwa wa kampuni ya umeme ya Ferranti, na alifahamiana na wenye viwanda wenzake. Mlango wa Robinson haukufunguka kwa uzuri wa nepi peke yake. Na Marion, kumbuka, alikulia kiwandani, hakuogopa mashine wala maneno ya hati za ubunifu. "Peke yake" kwao ilimaanisha peke yake mezani wakati wa kufikiri na kushona. Nyuma yao kulikuwa na watu. Kwa hiyo mama usiyekuwa na baba mwenye kiwanda, usijilaumu kitu chako kisipofika dukani. Kufikiri na kutengeneza kunawezekana chumbani kwako. Kuuza kwa maelfu ni shughuli nyingine, inahitaji milango, na kuna watu huzaliwa karibu na mlango.

SEHEMU YA 4

Kuna baba mmoja ameandika kwamba makampuni yenye timu yangefanya vizuri zaidi kuliko mama mmoja jikoni. Swali la haki kabisa. Tuone.

Marion Donovan baada ya Boater aligeukia nepi ya karatasi ya kutupa yote. Alikuwa anatafuta karatasi imara, inayonyonya, na inayohamisha unyevu mbali na ngozi. Akaenda tena kwa wakubwa. Wakamwona anahangaika na kitu kisicho na ulazima. Ikapita miaka. Ndipo Procter & Gamble, kampuni kubwa ya sabuni kule Cincinnati, wakaingia kwenye kazi hiyo chini ya mhandisi anayeitwa Victor Mills. Na unajua kilichomsukuma? Alikuwa amepata mjukuu, akakutana na nepi za kufua, hakuzipenda hata kidogo. Babu mzima! Zamu hii aliyeguswa na shida alikuwa na kampuni, kwa hiyo kazi ikaanza.

Timu ilikuwepo, wahandisi, pesa, maabara. Jaribio lao la kwanza kubwa walilipeleka Dallas, Texas, wakati wa joto kali. Ilikuwa pedi ya kunyonya unayoiweka ndani ya chupi ya plastiki. Wazazi wa Dallas wakaikataa, kwa sababu chupi ya plastiki kwenye joto la namna ile ni mateso kwa mtoto. Yaani walirudi palepale alipokuwa Marion mwaka 1946 na ngozi ya mwanawe. Wakaitengeneza upya. Mwaka 1961 wakaipeleka Peoria, Illinois, kwa jina la Pampers, senti 10 kila moja. Watu wakaipenda wakashindwa bei. Kampuni ikahangaika na mashine za kutengeneza haraka zaidi hadi bei ikashuka, na hapo ndipo ikaenea dunia nzima, mpaka sisi huku tunaita kila nepi ya kutupa "pampasi" hata kama ni ya kampuni nyingine.

Kwa hiyo jibu langu kwa baba ni hili. Timu ilishinda kwenye mashine na bei, hapo mama wa jikoni hawezi kushindana. Kwenye kuielewa shida, timu ililipia safari ya Dallas kujifunza kitu ambacho mama mmoja alikisoma bure kitandani kwa mwanawe.

Manesi wenzangu, na nyinyi msijione mpo nje. Kuna mwenzetu aliitwa Bessie Blount, Mmarekani mweusi, alizaliwa Virginia mwaka 1914. Akiwa mtoto mwalimu alimchapa vidole kwa kuandika na mkono wa kushoto, naye kwa ukaidi akajifunza kuandika hata kwa meno na kwa vidole vya miguu. Akasomea uuguzi, kisha tiba ya viungo. Baada ya vita akawa anahudumia wanajeshi waliokatwa mikono. Aliwafundisha kuandika kwa meno na miguu, kama alivyojifundisha mwenyewe. Lakini kula? Mwanaume mzima analishwa kijiko kama mtoto, na mlishaji ndiye anaamua tonge linalofuata linakuja saa ngapi. Mliowahi kulishwa wodini mnajua hali ile.

Bessie akatengeneza kifaa usiku jikoni kwake. Plastiki alilainisha kwa maji ya moto akaikunja umbo, vifaa vyake vilikuwa tupa, nyundo na sindano ya kuvunjia barafu. Kilikuwa na mrija: mgonjwa anauma, mashine inamletea tonge moja, akimaliza anauma tena. Angalia lilipo jambo lenyewe. Angeweza kutengeneza mashine inayolisha kwa kasi yake. Akatengeneza inayosubiri mlaji aseme. Hilo huwezi kulijua usipokuwa umeshika kijiko ukaona mtu anavyogeuza uso.

Idara ya Marekani inayohudumia maveterani haikukitaka. Mwaka 1951 alipata hati ya ubunifu ya kishikio cha bakuli kinachovaliwa shingoni, na mwaka 1952 akaipa serikali ya Ufaransa haki ya kifaa chake, bure.

SEHEMU YA 5

Sasa dada yangu wa mtoto wa miezi minne, twende kwako.

Timu inafanya kazi gani hasa? Inakukatalia. Wewe unasema hili ndilo jibu, mwenzako anasema hapana, umesahau hiki. Ukiwa peke yako hatari yako kubwa ni kwamba unajikubalia kila kitu, maana unalipenda wazo lako kama unavyompenda mwanao. Kwa hiyo cha kutafuta ni kitu cha kukukatalia. Kwa Marion kilikuwa shuka. Kwa Valerie wale wake wa maafisa. Kwa Bessie mgonjwa mwenyewe.

Kuna mama mmoja nilimhudumia, sitataja ni wapi, mtoto wake alikuwa na vipele vya nepi visivyoisha. Kila mtu alishampa ushauri: mama mkwe kasema poda, jirani kasema mafuta ya nazi, muuza duka kampa sabuni nyingine. Akafanya vyote kwa pamoja. Vikapungua, vikarudi, hakujua kipi kilisaidia kipi kiliharibu. Akaja na jambo lililonifurahisha: kalenda ya ukutani ameing'oa amekuja nayo. Aliamua kurudi nyuma, akaacha vyote, akawa anabadilisha kitu kimoja tu kwa siku nne nne, na kila jioni anaandika herufi moja kwenye tarehe, M ya mekundu, S ya safi. Alipofika kwenye kusuuza nepi maji mawili badala ya moja, S zikaanza kufuatana. Yalikuwa mabaki ya sabuni ya unga kwenye kitambaa. Hakuna aliyemfundisha. Kalenda ndiyo iliyokuwa inamkatalia, kwa sababu ukishaandika M huwezi kujidanganya kesho kwamba ilikuwa S.

Andika basi. Daftari la shule linatosha. Andika shida kwa maneno ya mwenye shida, mara tatu, siku tatu tofauti, kabla hujafikiria dawa yake. Utashangaa, siku ya tatu huwa unaandika kitu tofauti na cha kwanza. Siku ya kwanza utaandika "mtoto halali." Siku ya tatu unaandika "mtoto anaamka kila nikimlaza, akiwa begani analala." Hizo shida mbili hazifanani, na ya pili ina mahali pa kuanzia.

Kitu cha majaribio kifanye kwa nguo ambayo hutaionea huruma. Khanga kuukuu, ndoo iliyopasuka, boksi la kiatu. Ukitumia doti mpya utaogopa kukata, na ukishakata utaona aibu kusema haifai. Wale walitumia pazia la bafuni na parachuti za jeshi, vitu ambavyo kazi yake ilikuwa imekwisha au vinapatikana tena. Kikishindikana unacheka unakata kingine.

Halafu mpelekee mtu asiyekupenda sana. Naongea kweli. Dada yako atasema ni kizuri. Wifi yako yule mgumu atakuonyesha kinapovujia ndani ya dakika mbili. Mpe akitumie, usimweleze kinavyotumika, kaa kimya, tazama mikono yake. Anapokwama mikono ndipo pa kurekebisha. Midomo ya watu ina adabu nyingi mno.

Na muda? Mama mwenye mtoto mchanga hana saa mbili za kukaa mezani, najua. Lakini una dakika kumi na tano za kunyonyesha mara nane kwa siku, macho yakiwa yanaangalia shida yenyewe. Watu wa vyuoni wanasafiri mbali kwenda kuipata hiyo nafasi ya kutazama.

Sasa nivae sare yangu. Kuna vitu humo ndani ya nyumba HAVIJARIBIWI, na hapa sitanii. Kipimo cha dawa hakijaribiwi, hata ya homa, hata kama mtoto wa jirani alipewa hivyo. Maziwa ya kopo hayaongezewi maji ili yadumu. Maji ya chumvi na sukari ya mtoto anayeharisha hayapimwi kwa kukisia, chukua pakiti za ORS kituoni na uchanganye kama ilivyoandikwa. Kitovu cha mtoto mchanga usikipake kitu kwa ubunifu wako, fuata ulichoelekezwa na nesi wako. Kitu chochote cha kamba, kifungo kidogo au mfuko wa plastiki hakikai karibu na uso wa mtoto aliyelala. Marion alijaribu nailoni upande wa nje wa nepi, mtoto akiwa macho yake yanamwona. Kosa la hapo lilikuwa shuka kulowa. Ndiyo kipimo changu: kama kosa likitokea kitakacholowa ni shuka, jaribu. Kama kitakachoumia ni mtoto, njoo kliniki tujaribu kwa vitabu.

Mmeniuliza Marion aliishia wapi. Alirudi shule, akapata digrii ya usanifu wa majengo Yale mwaka 1958, mmoja wa wanawake wachache mno kwenye darasa lake. Aliendelea kubuni vitu vya nyumbani hadi uzeeni, hati za ubunifu kama 20 hivi. Kuna kitundikio kimoja cha kabati kinachobeba nguo 30, na kuna kikamba cha kuvutia zipu ya mgongoni kwa mwanamke anayevaa peke yake, hana wa kumfungia. Alifariki mwaka 1998, na mwaka 2015 wakamwingiza kwenye orodha ya taifa ya wabunifu wa Marekani.

Maswali ya vipele vya nepi niandikieni umri wa mtoto, anatumia nepi ya kitambaa au ya kutupa, mmeanza kuviona lini, na umeshapaka nini. Kama vina malengelenge au usaha, au mtoto ana homa, usiniandikie. Mbebe uende kituoni leo.